Pikipiki Iliyofika Baridi

Kila pikipiki ipandayo Lugalama, juu mlimani, sharti ifike na joto lake, na joto hilo liachwe katika pipa la nyumba ya uzazi. Nayo itakayofika baridi itarudi mtoni ikapande upya. Sharti hilo halikuandikwa popote, wala halikuhitaji kuandikwa. Waendeshaji wote wa Njia ya Kinyonga, iliyopanda huko, walilijua kama walivyojua majina ya mama zao, na hata Mhandisi Kashindye Mihayo, mwanamke aliyezaliwa Tabora na kufanya kazi maisha yake yote jijini Morogoro, alilijua. Ila yeye alilihesabu miongoni mwa mambo ya kale ambayo maarifa mapya huja kuyapumzisha.

Asubuhi ile ya mwezi Juni, mwaka 2097, alikuwa akiipanda njia hiyo kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, na mbele ya magoti yake mabawa mawili yalikuwa yakipiga.

Yalikuwa mabawa ya kaboni, membamba kama ganda la kitunguu, yaliyochomoza kulia na kushoto kwa rejeta. Pikipiki ilipopata mwendo yalijikunja na kulala. Ilipofika penye mawe na mizizi, ikalazimika kutambaa, yalifunguka yenyewe na kuanza kupepea, na joto la injini likatawanyika katika ukungu. Kashindye alikiita chombo hicho Kipepeo. Alikuwa amekitengeneza kwa miaka saba.

Haifai kudhani kwamba tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Injini ya pikipiki hupozwa na maji, maji hupozwa na rejeta, na rejeta hupozwa na upepo. Lakini upepo huo huletwa na mwendo. Katika njia ya polepole hakuna mwendo, kwa hiyo hakuna upepo. Juu ya hayo, mwendeshaji anayejipenyeza kati ya mawe huishika klachi nusu nusu, nayo klachi ikisuguana huzaa joto lake yenyewe. Matope nayo huziba mapezi ya rejeta. Mwisho wake maji huchemka. Kwa vizazi vitatu waendeshaji wa Kinyonga walitegemea busara ya mikono yao tu: kuosha rejeta kila kijito, kutumia gia ya kwanza badala ya kuibembeleza klachi, kusimama kwenye kilele cha mgongo wa mlima na kuigeuzia injini upande wa upepo. Na hakuna aliyethubutu kufungua mfuniko wa rejeta yenye moto, kwa maana nyuso zilizobabuka kwa mvuke zilikuwapo za kutosha kuwafundisha.

Huko chini jijini roboti zilifagia barabara na magari yalijiendesha. Mlimani mambo yalikuwa mengine. Msitu ulikuwa umefungwa kwa sheria tangu zamani, usikatwe mti wala kupitishwa waya. Vyombo vya kuruka viliangushwa na pepo za mgongoni, na betri zilipoteza nguvu kwa baridi. Zilibaki pikipiki, zinazokunywa spiriti ya mkonge.

"Mpando wa saba," ilisema sauti kutoka kwenye usukani. "Nyuzi themanini na nne. Hakuna kasoro."

Huyo alikuwa Karani, mashine ndogo iliyotiwa lakiri na Tume ya Vyombo vya Milimani. Kazi yake ilikuwa kunukuu joto la injini bila upendeleo. Mipando saba mfululizo isiyozidi nyuzi mia moja, na Karani kurejeshwa jijini jioni lakiri yake ikiwa nzima: hilo ndilo lililotakiwa ili Kipepeo kipate hati. Ukipatikana mpando mmoja uliozidi kabla Karani hajarejeshwa, hata baada ya huo wa saba, yote huanza upya mwakani baada ya masika. Kashindye angestaafu mwezi Desemba. Mwakani pangekuwa na mhandisi mwingine katika kiti chake, na hati ingeandikwa kwa jina la huyo.

Alifika kwenye lango la Lugalama saa nne kasoro robo. Mipando sita ya kwanza alikuwa ameigeuzia hapo hapo langoni bila kuingia. Akazima injini, kwa maana moshi haukaribishwi mahali watoto wanapovuta pumzi ya kwanza, na mabawa yakaendelea kupiga kwa dakika kadhaa hadi chuma kikapoa kabisa. Hilo ndilo alilojivunia kuliko yote. Alisimama na kuyatazama yanavyomaliza kazi, kama mzazi anayemtazama mtoto akijifunga mwenyewe kamba za viatu.

Aliyetoka kumpokea ni mkunga mkuu, Skolastika Kobelo, mwanamke Mluguru mwenye umbo fupi na mikono mipana.

"Karibu, mtani," alisema. "Naona Wanyamwezi mmechoka kubeba mizigo vichwani, sasa mnabeba feni."

"Nanyi Waluguru mmeshuka lini kutoka mawinguni, hata mkajua feni ni kitu gani?"

"Tuliteremka siku moja kuja kuwazika. Tukakuta bado mnakula, tukarudi."

Wakacheka wote wawili na kushikana mikono. Kisha Skolastika akainama, akaweka kiganja chake kitupu juu ya injini, kama alivyofanya kwa kila pikipiki iliyofika. Akakiacha hapo. Akakihamisha upande wa pili, akakiacha tena.

"Imefika baridi," alisema.

"Ndiyo kazi yake, mama. Baridi hiyo nimeitafuta miaka saba."

"Nakupongeza. Sasa rudi mtoni."

Kashindye alicheka tena, akidhani wangali katika utani. Mwenzake hakucheka.

"Utani tuliumaliza kwenye mazishi yenu," alisema Skolastika. "Njoo uone."

Ndani ya nyumba ya uzazi palikuwa na kitanda kimoja chenye mtu. Mama kijana aitwaye Veneranda alilala chali, na juu ya kifua chake, ngozi kwa ngozi, alikuwapo mtoto wa kike aliyezaliwa siku mbili zilizopita katika mwezi wa saba wa mimba. Alikuwa na uzito wa kilo moja na nusu. Ubavuni pao palikuwa pamepangwa chupa za mpira zenye maji ya moto, zikiwa zimefungwa kwa kanga. Skolastika alizibadilisha kila zilipoanza kupoa, na maji aliyachota kwenye pipa kubwa lililozungushiwa sufi, ambalo ndani yake ulipita mrija wa shaba. Kila mwendeshaji aliyefika aliunganisha rejeta yake na mrija huo, na joto la safari yake likahamia majini.

Kashindye alisoma kipimo cha pipa. Nyuzi thelathini na saba.

"Kwa kawaida huwa ngapi?" aliuliza.

"Sitini. Pikipiki tisa, kumi kwa siku. Jana haikufika hata moja isipokuwa yako iliyogeuzia langoni, na leo vivyo hivyo."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza mimi? Wamezuiwa huko chini. Tuliambiwa njia imefungwa siku mbili kwa ajili ya jaribio la serikali."

Barua ya kuomba njia ifungwe ilikuwa imeandikwa na Kashindye mwenyewe. Alitaka asikutane na mtu kwenye kona nyembamba, ili mwendo wake uwe wa polepole kwa kipimo kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Aliiona barua hiyo sasa waziwazi, mstari kwa mstari, pamoja na sahihi yake chini.

"Vioo vya jua?"

"Ukungu siku ya tatu leo."

"Na kuni haziruhusiwi," alisema Kashindye, akijijibu mwenyewe.

"Nimekwisha kuwaita waendeshaji kwa redio. Watafika jioni. Mtoto anahitaji joto sasa, si jioni. Mimi na mama yake tunampa la miili yetu kwa zamu, lakini mimi ni mzee, damu yangu yenyewe inataka kupashwa."

"Shikamoo, mama mhandisi," alisema Veneranda kitandani, kwa adabu, kana kwamba amekumbuka kwamba hajamsalimu mgeni.

"Marahaba, mwanangu."

Alitoka nje.

Penye pikipiki aliinama, akachukua pini mbili za chuma kutoka kwenye mkoba wa vifaa na kuyafunga mabawa yasifunguke. Angeweza kuiwasha injini pale pale nje ya lango akaiacha ingurume. Lakini injini isiyo na mzigo, katika baridi ile, huchelewa mno kupata moto. Inayojitahidi kupanda huupata upesi. Watu waliotunga adhabu ya Lugalama hawakuwa wajinga.

"Natahadharisha," alisema Karani. "Kipepeo kimefungwa. Joto likizidi nyuzi mia, mfululizo utavunjika."

"Najua."

"Je, kuna hitilafu?"

"Hakuna hitilafu. Kuna mtoto."

"Fomu haina safu ya sababu," alisema Karani.

"Najua pia. Nilikuwa katika kamati iliyoiandika."

Akateremka hadi mtoni, mwendo wa robo saa, akageuza pikipiki na kuanza kupanda. Na hapo alifanya, kwa makusudi na kwa uangalifu, kila jambo alilowakataza vijana wa karakana yake. Matope ya rejeta hakuyaosha. Aliishika klachi nusu nusu kwenye kila jiwe. Alipofika kwenye mgongo wa mlima, mahali ambapo kila mtu husimama apate upepo, alipita bila kugeuza kichwa. Alihisi joto likipanda mapajani mwake, na harufu ya klachi ikamjia, ile harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Nyuzi mia moja na tatu," alisema Karani. "Mpando wa nane umezidi kiwango."

Basi, limekwisha, aliwaza Kashindye, na alishangaa kuona moyo wake umetulia. Lililobaki lilikuwa kazi ngumu zaidi. Maji yakichemka hata yakafoka nje, yangepotea njiani pamoja na joto lake, na injini ingekwama. Ilimpasa aiweke ukingoni, isichemke wala isipoe. Aliacha kuvitazama vipimo vyote akasikiliza maji kwa sikio, kama alivyosikiliza alipokuwa msichana katika karakana ya baba yake, kabla hapajakuwa na Karani wala Tume. Maji yalipoanza kunong'ona kwenye mrija aliachia klachi kabisa, akavuta pumzi tatu, kisha akaendelea.

Langoni alizima injini akaisukuma hadi nje ya ukuta penye pipa. Skolastika alikuwa tayari na mirija miwili mkononi. Kipimo kikapanda taratibu: arobaini, arobaini na mbili, arobaini na nne.

"Haitoshi," alisema mkunga.

"Sijasema nimemaliza."

Akateremka tena, akapanda tena. Akateremka mara ya tatu. Katika mpando huo wa mwisho suruali ilikuwa imeungua kidogo kwenye goti, lakini alijikuta akipiga mluzi. Alikuwa ameanza kuwaza mfuko wa nta chini ya kiti: nta ikiyeyuka hulimeza joto, ikiganda hulitoa. Kipepeo kingeipa nta joto badala ya kuupa ukungu. Mhandisi ajaye angehitaji michoro. Hadi Desemba ilikuwapo miezi sita, na michoro huchorwa.

Mchana, pipa lilisoma nyuzi hamsini na nane. Skolastika alijaza chupa zote, akazifunga upya kwa kanga na kuzipanga. Baada ya muda uso wa Veneranda ukalegea, naye akasinzia, mtoto akisinzia juu yake.

"Sasa kaa chini, mtani," alisema Skolastika, akimpa Kashindye kikombe cha uji. "Mnyamwezi amebeba mzigo mara tatu bila kuimba. Nitawahadithia wenzangu, hawataniamini."

"Waambie uji wenu ndio ulionifunga mdomo. Mzito kama udongo wa kukandika nyumba."

"Ndiyo maana nyumba zetu hazianguki."

Kutoka nje, Karani aliita kwa sauti ile ile isiyo na upendeleo. Kashindye alitoka na kikombe chake.

"Mipando ya nane, ya tisa na ya kumi imezidi kiwango," alisema Karani. "Matokeo: Kipepeo hakikufaulu. Jaribio lingine ni baada ya masika. Je, mwombaji ana pingamizi?"

"Sina."

"Thibitisha."

Kashindye alipangusa kidole gumba kwenye suruali, maana kilikuwa na masizi, akakibonyeza juu ya kioo hadi taa ikawaka. Skolastika alikuwa amemfuata hadi mlangoni. Aliinama, akaweka kiganja juu ya injini, akakiondoa upesi na kukipuliza.

"Hiyo sasa imefika," alisema. "Hudaiwi kitu hapa."