Bandi Aliyechoka

Siku Bilonda alipokutana na Nasoro hakuwa anatafuta mwanaume, alikuwa anatafuta samaki wakavu. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wa Kolwezi wana midomo, na hadithi hii wamekwisha kuipindapinda mpaka mwenyewe ukiisikia huitambui.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwisho wa mwezi, na soko la Manika lilikuwa limefurika. Wamama wa samaki wa ziwa la Nzilo walikuwa wanaitana wateja kwa majina ya watoto wao, vumbi jekundu limepanda hadi kwenye nyusi za watu. Bilonda alikuwa ametoka zamu ya asubuhi kwenye sentrali ya telefoni, masikio yake bado yanalia allô, allô. Amejifunga kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, kimepauka magotini, na kiatu kimoja amekishika mkononi kwa sababu kisigino kimevunjika. Alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka thelathini na kitu, mwenye shingo ya kujivunia. Lakini uso, jamani, uso ulikuwa umechoka. Kila siku aliwaunganisha watu waongee na wapenzi wao, kisha alirudi mtaa wa Kapata kumpikia baba yake asiyeongea.

Mbele ya depo moja ya malori akakuta ubao mweusi wa sinema ya majambazi, wale tunaowaita babandi, umeandikwa kwa chaki:

LEO SAA TISA. BABANDI YA JAPANI.
KIDOLE: muzuri sana, kuya.
MUZEE WA MWAVULI: muzuri kidogo.
MAPANGA YA BURE: mubaya kabisa, bakia kwako.

Bilonda akacheka peke yake, kitu ambacho hakuwa amekifanya siku nyingi.

"Ni mupumbavu gani anaandika vile pa biashara yake?"

"Ni mi, mama. Mupumbavu mwenyewe njo huyu."

Akageuka. Mwanaume alikuwa amesimama nyuma yake na chaki mkononi, kofia ndogo nyeupe kichwani, mwilini abakosi, lile koti la kuvaliwa bila tai, la kahawia lililofuliwa mpaka likasahau rangi yake. Huyo ndiye Nasoro, wa wale Wangwana, Waislamu waliotoka Kasongo na malori yao. Siku za wiki alikwenda Kasaji kuchukua mahindi, na Jumamosi aliwasha televisheni na video ndani ya depo, watu wakaja. Kanda zilitoka kwa Wajapani waliokuwa wanachimba shaba upande wa mpaka. Walipofunga virago waliacha makasha, naye akayanunua bila kujua neno hata moja la lugha yao.

"Tata, unauzisha ao unafukuza bantu?" Bilonda akauliza.

"Mama, kama sikuambie yenye iko mubaya, utaniamini namna gani nikikuambia yenye iko muzuri?"

"Aya. Hii ya Mapanga, ubaya yake ni nini?"

"Bandi yake anacheka kila saa. Anapigana na kijiji muzima, shati inabakia safi, kesho anaamuka na nguvu. Ule haiko bandi, ni mutoto anacheza."

"Na ya Kidole?"

Nasoro akashusha sauti. "Ule amechoka, mama. Anafungua mulango kama mutu mwenye kutoka mu shimo. Anapenda kuacha ile kazi, na kazi haimuache. Kama bandi hajachoka, film ni mubaya. Njo sheria yangu."

Bilonda akatazama kiatu chake kilichovunjika. "Basi mi ningeweza kucheza mule."

"Nimeona. Tangu ulipopita kwa samaki."

Ee, unaona mambo? Jina na kazi yake alimwambia, samaki hakununua. Alifika Kapata mikono mitupu, baba yake akala bukari, ugali wetu, na majani ya sombe tupu, wala hakuuliza.

Jumatatu iliyofuata taa ya depo ikawaka kwenye sentrali.

"Allô, sentrali."

"Mama wa telefoni, unipe Likasi."

"Likasi, kwa nani?"

"Kwa yeyote. Wakikawia kupatikana njo vizuri zaidi."

Kabedi, mwenzake wa kiti cha pili, akafunika mdomo kwa kiganja. Bilonda akamkata jicho, lakini Likasi ilikawia kupatikana siku ile, ikakawia na kesho yake. Wakati mwingine Nasoro alipiga kutoka Kasaji, sauti imejaa mikwaruzo.

"Lori imekwama mu matope, chérie. Nimekupatia asali."

"Mi sili asali ya mwongo. Jana uliniambia utafika."

"Jana barabara ilikuwa jana. Sikia, nimeangalia ingine film mupya. Usikuye kuiona. Bandi anaimba."

"Anaimba?"

"Ku theluji! Ile kama unga ya muhogo inaanguka toka mbinguni, yeye anaimba bila koti. Kichwa iliniuma."

Akacheka mpaka mkuu wao akakohoa. Kwa njia hiyo, kwa filamu nzuri na filamu mbaya, moyo wake ukafunguka. Siku moja akamwambia jambo ambalo hakumwambia mtu: "Baba yangu aliumiaka ku kazi. Mukono. Bakaandika ni kosa yake mwenyewe. Tangu ile siku hasemake."

"Pole, mupenzi," Nasoro akasema, na hakuongeza kitu. Bilonda akampenda kwa kutoongeza kitu.

Lakini hakumwambia yote. Hakumwambia kwamba kila Jumamosi baba yake, Tata Mulumba, anavaa koti lake jeusi, anaweka mkono wa kulia mfukoni, anapanda baiskeli ya jirani, anakwenda kukaa mstari wa mbele pale pale depo. Haya, alikuwa anaona haya. Alitaka kwanza mwanaume amwone yeye, ndipo aione nyumba yao. Nani atamlaumu?

Jumamosi ya balaa, Bilonda alitoka kazini mapema. Alikuwa amesuka nywele upya, amevaa blauzi nyeupe yenye mabega makubwa kama mtindo wa siku zile, akasimama mlangoni mwa depo maana ndani hapakuwa na nafasi. Joto, jasho, moshi wa sigara. Nasoro alikuwa kando ya televisheni na fimbo yake, anaeleza filamu kwa Kiswahili. Kijapani hakujua, alikisia tu kwa kutazama nyuso, na watu walikuja kwa ajili ya maelezo yake zaidi ya picha. Ilikuwa ile ya Kidole. Bandi alikuwa amepiga magoti mbele ya mkubwa wake, kitambaa cheupe kimetandikwa, kisu kando.

Nasoro akainua macho, akamwona Bilonda mlangoni, na nguvu zikampanda. Mdomo huponza kichwa.

"Angalieni, bandugu! Ku Japani mwenye kukosea mukubwa wake anakata kidole, anamuletea. Basi leo kila mutu aangalie mukono wa jirani! Mwenye kupunguka kidole, ni bandi, alikosea mukubwa wake!"

Depo nzima ikalipuka kwa kicheko. Kijana mmoja wa Kapata akapiga kelele: "Tata Mulumba! Toa mukono mu mufuko!" Watu wakageuka wote kwa pamoja. Mzee akasimama polepole. Hakutoa mkono. Akapita katikati ya magoti ya watu, akapita mlangoni karibu na binti yake, karibu kabisa, na hakumwona.

Mnaijua methali ya kidole kimoja na chawa. Sasa kamwulizeni mtu ambaye ukanda wa mashine ulimla vidole viwili, kisha karatasi ya kampuni ikasema kosa ni lake. Bilonda alimtazama Nasoro, fimbo bado iko juu, kicheko bado kiko midomoni. Akawaza: nilimpa siri ya nyumba yetu, naye ameigeuza mchezo. Akaondoka.

Jumatatu taa ya depo ikawaka.

"Bilonda, kuna nini? Ulikimbia..."

"Ligne iko occupée, iko na bantu, citoyen," akamwita kama raia asiyemjua.

"Bilonda, ni mi!"

"Iko occupée."

Akachomoa waya. Taa ikawaka tena, akachomoa tena. Kabedi akasema, "Dada, umusikilize ata kidogo." Bilonda akajibu, "Musikilize weye, kama masikio yako hayajachoka."

Kapata ni mistari ya nyumba zinazofanana, na neno likianza mstari wa kwanza jioni liko mstari wa mwisho. Watoto wakaanza kumwita mzee Mujapani. Akaacha karata na wenzake, akaacha misa, akakaa ndani madirisha yamefungwa, koti mwilini. Bilonda alimwekea chakula, akakiondoa kimepoa. Aliumia, nisiwafiche. Alimchukia Nasoro kutwa, na kila taa ilipowaka moyo ulimruka. Chuki ya namna hiyo inachosha kuliko kazi.

Taa ya depo ikaacha kuwaka. Siku moja ya soko, Bilonda akapita njia ya mbali ili asione ubao. Miguu ikamrudisha, ile miguu ya binadamu haina adabu. Ubao ulikuwa umefutwa. Palikuwa na maneno machache mapya tu:

KIDOLE: film ni muzuri. Mwenye kuieleza njo mubaya kabisa. Hakuna sinema mpaka nimuombe masamaha ule muzee.

Watu walikuwa wanasoma na kucheka. "Mungwana amerogwa!" Yeye hakucheka. Kesho yake, kwa mara ya kwanza, ndiye aliyepiga.

"Depo, allô."

Bilonda akanyamaza.

"Bilonda. Najua ni weye, mutu mwingine hanyamazake vile. Mi sikujua ule ni baba yako. Baliniambia kisha."

"Nilikuambia mukono wake!"

"Uliniambia mukono. Haukuniambia bidole, na haukuniambia anakuyaka kwangu." Akapumua. "Lakini ata kama haikuwa baba yako, Bilonda. Alikuwa baba ya mutu."

Taa nyingine zikawaka mbele ya Bilonda, asiziguse.

"Nifanye nini?" Nasoro akauliza. "Nimechoka kujitukana mwenyewe."

"Mi siwezi kukusamehe pa nafasi yake. Kuya Kapata. Na kuya muchana, bantu bakuone."

Akaja Jumapili, baada ya misa, na lori. Hakuleta wazee, hakuleta soda. Alishusha meza, akashusha televisheni na mashine ya video, akapitisha waya kwenye dirisha la jikoni. Mtaa mzima ukajaa uani, mpaka na yule kijana wa kelele. Tata Mulumba akakataa kutoka. Nasoro akavua kofia yake nyeupe, akasimama kwenye dirisha lililofungwa.

"Tata, mi sijue Kijapani. Kila kitu nasemaka pale ni ya kichwa yangu. Ile film nilieleza mubaya, mbele ya bantu. Nakuomba leo, mbele ya bantu, uieleze weye."

Bilonda alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Aliomba Mungu baba yake atoke, akaomba pia asitoke, maana wakicheka tena itakuwa mwisho wa yote, wa baba na wa mwanaume.

Mlango ukafunguka. Mzee akaja, koti jeusi, mkono mfukoni, akaketi. Nasoro akampa fimbo, akaenda kukaa chini na watoto. Filamu ikapita muda mrefu bila neno hata moja. Kisha kikaja kitambaa cheupe. Tata Mulumba akasimama, akatoa mkono mfukoni, akaunyoosha kwenye kioo, ule wa vidole vitatu.

"Huyu hakukosa," akasema. Sauti ilikuwa imekauka kwa kukaa. "Angalieni macho yake. Mukubwa alijua mashini iko mubaya. Alijua! Akamuambia: endesha. Mashini ikakula. Kisha bakaandika ni yeye, na mukubwa akaenda kunywa chai."

Kwenye filamu hapakuwa na mashine, wala chai. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akasema, "Eeh, tata," na wanaume waliofanya naye kazi wakatazama chini. Kijana wa kelele akaondoa kofia.

Ilipokwisha, mzee akamgeukia Nasoro. "Na weye, unatafuta nini pa kwangu na televizyo yako?"

"Natafuta masamaha, tata. Na kisha masamaha, Bilonda."

Ua ukapasuka kwa vicheko na vigelegele. Mzee hakutabasamu.

"Weye Mungwana, shee huku tuko Baluba na bakristo."

"Najua, tata."

"Ku film yako, mwenye kukosa analeta kidole." Akamrudishia fimbo. "Mi kidole nifanyie nini? Haikuliwe. Lete mbuzi, na bazee benu."

Akanyoosha mkono ule ule, mfupi. Nasoro akaupokea kwa mikono yake yote miwili. Tangu ajali, Bilonda hakuwa amemwona baba yake akimpa mtu mkono huo, hata padri. Akalia palepale mbele ya majirani, bila kujificha.

Jioni ilipokaribia, Nasoro akawa anakunja waya kando ya lori. Bilonda akamfuata.

"Benye kuzungumza mbuzi bamemaliza," akasema. "Na mi? Hakuna mwenye kuniuliza?"

Nasoro akaacha waya. "Bilonda, utakubali kuolewa na mi?"

"Nimechoka, Nasoro. Nikitoka zamu sitaki kusikia sauti ya mutu. Asubuhi ninakuwaka na hasira. Baba simuache, ataishi na mi mpaka mwisho. Na ukinichekesha leo kwa kuniliza kesho, nitachomoa waya."

"Kwa nini unaniambia tu mabaya?"

"Ili uniamini nikikuambia yenye iko muzuri."

"Yenye iko muzuri ni nini?"

"Nimekubali."

Akamwacha pale na waya mkononi, akaingia ndani kuwasha makaa, maana baba yake alikuwa ameomba chakula.