Marahaba ya Bi Siwatu

Mgawadawa alipita ukumbini kimyakimya, magurudumu yake yakiteleza juu ya sakafu iliyopigwa deki asubuhi hiyo, na kila alipofika mlangoni mlango ulimfungukia wenyewe. Alikuwa roboti mwenye kimo cha mtoto wa darasa la saba, mikono laini, na kifua kilichojaa vijidroo vya vidonge. Tangu aletwe katika Makao ya Wazee Pumziko, Tanga, hakuwahi kukosea kidonge. Tena alikuwa na adabu zake, maana hakumpa mzee yeyote dawa bila kumwamkia kwanza.

Nyuma yake kulikuwa na Kichambuzi, akili bandia isiyo na mwili wala usingizi, ambayo kazi yake ilikuwa kupanga matatizo ya dawa kwa aina. Mzee anameza dawa asiyoihitaji tena, hiyo aina moja. Anaihitaji dawa ambayo hakuna aliyekumbuka kumwandikia, hiyo nyingine. Dozi imezidi, dozi imepungua, dawa mbili zinagombana mwilini. Na ya mwisho kabisa, ile ambayo mfamasia Sauda Mhando hakuipenda hata kuisikia: mgonjwa anakataa dawa. Msidhani kupanga huku ni mbwembwe za wasomi. Ukikosea aina, unamtibu mtu ugonjwa asiokuwa nao.

Asubuhi hiyo Kichambuzi kilimnong'oneza Sauda kupitia kidude alichovaa sikioni kwamba Bi Siwatu amekataa dawa tena, na kinasubiri idhini yake ili bibi ahamishiwe Wodi ya Utulivu. Huko waliokataa dawa walibandikwa kibandiko mgongoni, mahali mkono wa mtu haufiki, kikawaingizia dawa kupitia ngozi, na ya usingizi kidogo ili wasihangaike. Na kweli hawakuhangaika. Walilala mchana kutwa.

Bi Siwatu huyu alikuwa mpishi wa shughuli, Tanga nzima ikimjua kwa pilau lake na kwa mdomo wake. Akikukuta umeunguza kitunguu, utatamani ardhi ipasuke. Kisha kiharusi kikampiga, kikamwachia akili zake zote na kumnyang'anya ulimi. Sasa alihitaji dawa ya kuzuia damu isigande, na bila hiyo kiharusi cha pili kingemmaliza. Sauda alimpenda, na ndiyo maana hakuidhinisha. Alikwenda mwenyewe.

Chumbani alimkuta na Bi Mwanjaa, mwenzake asiyeona. Sauda alipoeleza habari ya kuhama, Bi Mwanjaa aliuliza nani basi atamfunga yeye mtandio vizuri, na Siwatu nani atamsemea huko. Sauda akavuta kiti nyuma ya pazia, akakaa kumngoja roboti arudie mzunguko wake.

Roboti akaja. "Shikamoo, bibi," akasema kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri.

Bi Siwatu akamtazama. Taya likaanza kutikisika, midomo ikakutana, ikaachana. Kabla haijakutana tena kikombe cha dawa kilishafika kinywani. Akageuza uso. Kikombe kikamfuata, naye akafumba mdomo. Roboti akatamka kwa upole kwamba mgonjwa amekataa, akaondoka, mlango ukajifunga.

Sauda alikuwa ameshaanza kuinuka aliposikia sauti.

"Ma... ra... haba." Bi Siwatu alikuwa akiutazama mlango. "Marahaba, mwanangu."

"Ndivyo kila siku," Bi Mwanjaa akasema. "Mimi nilidhani mnajua."

Sauda akatoka nyuma ya pazia. Jamani, mama wa watu hakuwa amekataa dawa hata siku moja. Alikuwa anaitikia salamu, na kwa malezi yake hawezi kupokea kitu kinywani huku salamu ya mtoto inaning'inia. Waliomfundisha roboti kuamkia wazee walisahau kumfundisha kungoja.

Akaenda kuchukua kidonge kwa roboti, akarudi, akaketi kitandani. "Shikamoo, Bi Siwatu."

Akangoja. Kichambuzi kikamkumbusha kwamba amechelewa kwingine. Akakichomoa kile kidude sikioni, akakitia mfukoni. Marahaba ilipofika, ilifika yote, na Bi Siwatu akafungua kinywa kwa hiari yake, akameza, kisha akaushika mkono wa Sauda asiuachie.

Ukumbini Sauda alirudisha kidude sikioni. Kichambuzi kikataka aina ya tatizo.

"Dawa ni sahihi, dozi ni sahihi, mgonjwa hajakataa," akasema. "Mtoaji hakusubiri."

"Aina hiyo haipo."

"Iweke. Halafu pitia kumbukumbu zako zote, uniambie nani mwingine."

Kichambuzi kilianza kutaja majina. Sauda alilitambua kila jina. Wote walikuwa Wodi ya Utulivu, na wote yeye ndiye aliyewaidhinisha.

Hakungoja orodha iishe. Alimpigia daktari kumwomba vibandiko vile vipitiwe leo hii, kisha akaenda wodini. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Kitanda cha kwanza kilikuwa cha Mzee Kupaza, zamani fundi wa reli, amelala chali, macho nusu wazi. Sauda akafungua pazia, akavuta kiti, akamshika mkono.

"Shikamoo, mzee."

Mgawadawa alipita mlangoni, akachungulia, akaenda zake. Sauda hakuinuka. Jua lilikuwa limeshahamia kitanda cha pili alipoona midomo ya Mzee Kupaza ikikutana, ikiachana, ikitafuta neno.

"Usiwe na haraka, baba," akamwambia. "Nipo."