Sauti ya Klara

Diski mpya ilikuwa na joto kabla hata haijaunganishwa na umeme. Mwalimu Kornelio aliigeuza kiganjani, akadhani ni jua la Mombo alikoinunua, akaifunga ndani ya kompyuta yake ya mtumba, nyumbani kwake Soni. Kompyuta haikuiona. Akalegeza skrubu, akageuza waya, akafunga tena. Wapi. Mara ya tano jasho lilikuwa linamtoka, na mkewe Klara alipomletea chai alimjibu kwa ukali. Diski ya zamani ilikuwa inakufa, na ndani yake ndimo ilimokuwa kamusi ya Kishambaa aliyoihangaikia miaka tisa, maneno mengi akiyapata kinywani mwa Klara.

Akajikata kidole. Damu ilipodondokea waya, mashine ikakubali. Akahamisha kamusi yote, na diski ya zamani ikafa kabisa.

Kesho yake Klara aliamka sauti imekauka. Siku ya tatu hakuweza kutamka hata jina lake. Chumba kikanuka udi, ilhali nyumba hiyo ya Walutheri haikuwahi kufukizwa. Mchana huo, umeme ukiwa umekatika Soni nzima, Kornelio alimsikia mkewe akitaja maneno ya kamusi, moja baada ya jingine, taratibu, akageuka na kumwona Klara amesimama mlangoni, midomo ameifumba, machozi yanamtiririka, na sauti yake inaendelea kutoka ndani ya kompyuta.

Alimleta Mzee Shabani, mganga wa Mponde. Mzee alisoma dua.

“Ni jini, Mwalimu,” alinong'ona. “Amependa maneno uliyomwekea. Yakibaki, naye atabaki humo, pamoja na sauti ya mama huyu.”

“Sina nakala nyingine, mzee.”

“Pole. Uamuzi ni wako.”

Kornelio akachukua bisibisi. Skrubu ziligoma, zikamteleza, na sauti ya Klara ikamsihi kutoka ndani, ikimwita Baba Efrazia, ikimkumbusha miaka yote tisa, naye akizidi kukaza mkono huku akilia kwa hasira, mpaka akaing'oa ile diski, akaitoa nje na kuiponda kwa nyundo juu ya jiwe.

Nyuma yake mtu alikohoa.

“Basi, Baba Efrazia,” alisema Klara kwa sauti nyembamba. “Imetosha.”

Kornelio hakuweza kumtazama. Klara aliingia ndani, akarudi na daftari na kalamu, akamwekea mapajani, akaketi kando yake. Akaanza kumtajia maneno ya jikoni.