Nywele za Farasi

Kinyozi alizijua nywele za mtaa mzima: ngumu, laini, za mvi, zilizopakwa rangi. Lakini asubuhi hiyo, katika duka alilolifagia mwenyewe jana yake, alikuta sakafuni fungu la nywele ndefu nyeusi, nene kama uzi wa kushonea viatu, limegandamana kwa damu.

"Za farasi hizi," alisema mdogo wake, aliyenyoa wateja wa kiti cha pili. "Kaka, siku hizi unahudumia na wa miguu minne?"

Wakacheka.

Kompyuta ilikuwa kwenye kona, na ndani yake kinyozi alikuwa na ufalme. Mchezo wenyewe ni mrefu: unaanza na kijiji kimoja, unaoa, unapigana, unakufa, mwanao anarithi, karne zinapita. Tangu mwaka jana alikuwa akiucheza kati ya mteja na mteja. Kosa lake lilikuwa dogo, kama makosa makubwa yanavyoanza. Kwa kunogewa, aliwapa watu wa ikulu majina ya watu wa nyumbani. Mfalme akawa yeye. Mkuu wa jeshi akawa mdogo wake.

Mchana huo mkuu wa jeshi aliasi. Kompyuta ikauliza: umsamehe, au umuue?

"Niue tu," mdogo wake alitania, akijilaza kitini anyolewe ndevu. "Ila yule mteja wangu mzee mwenye kichwa cha pembe tatu utamnyoa mwenyewe."

"Ufalme hauna undugu, bwana." Kinyozi akabofya: Ua. Kisha akachukua wembe.

Umeme ukakatika. Hata hivyo ngoma za vita ziliendelea kulia ndani ya kompyuta iliyozimika, harufu ya nyasi zinazoungua na jasho la farasi ikajaa duka, na kinyozi akauona mkono wake ukishuka bila yeye kuutuma, ukapasua shavu la mdogo wake, ukarudi ukachana sikio, ukaanza kuitafuta shingo, huku damu ikirukia vioo na sauti nzito isiyo yake ikimtoka kinywani: "Mfalme ni mmoja! Mfalme ni mmoja!"

Shangazi yao, mganga wa nyumba ya pili, aliusikia ukelele. Aliingia mbio, akamwangusha kinyozi, akamkandamiza kifuani kwa magoti huku akisoma dua mpaka wembe ukadondoka.

"Umemwalika jini kwa jina lako, mwanangu," alinong'ona alipokwisha kusimuliwa habari za mchezo. "Umeme ukirudi, futa ufalme wote. Wala usinidanganye. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Alifuta huku akilia. Farasi akalia mahali fulani ukutani, kioo kikapasuka, harufu ikaisha.

Lakini mchezaji yeyote mzoefu huhifadhi nakala pembeni, asije akashindwa vita akaanza upya. Kinyozi alikuwa nayo. Karne mbili za jasho lake! Akamwapia shangazi kwamba hakuna kilichobaki.

Vidonda vilipopona, mdogo wake alirudi kazini. Kinyozi alimkuta mbele ya kompyuta, kovu likimeta shavuni.

"Kaka, nimeiona nakala yako," alisema taratibu. "Nimebadilisha mfalme."

Akainuka, akakung'uta kitambaa cha kunyolea. Nywele ndefu nyeusi zikaanguka sakafuni. Nyuma ya kinyozi, komeo la mlango likajisukuma lenyewe.

"Keti, kaka. Inua kidevu."