Ijumaa ya Zuhura, Saa Moja na Nusu

"Prajwal, nani amepanga saa hii?"

"Si mnajimu wa mama! Anasema ndiyo saa bora kuliko zote mwaka huu. Soma hapo: Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi."

"Nimesoma. Nauliza, nani alimwambia saa hiyo mimi nina nafasi?"

Kantini nzima ya kituo cha anga iligeuka. Sinchana alikuwa amesimama, kadi ya harusi yake mwenyewe mkononi, chapati yake ya dosa inapoa kwenye sahani. Huyu si msichana wa kupandisha sauti ovyo. Ndiye msimamizi wa injini ya Bellichukki, chombo chetu kilichokuwa kinakaribia sayari ya Zuhura, na watu wa injini huongea taratibu. Lakini siku hiyo alisikika mpaka kwa waosha vyombo.

"Nilimwambia mimi," Prajwal alijibu, bado anatabasamu. "Injini yako inawaka saa nane usiku. Mpaka alfajiri umemaliza, umeoga, umevaa hariri yako, na saa moja na nusu nakufunga mkufu wa ndoa. Mwanaume gani mwingine angekupigia hesabu nzuri hivyo?"

"Saa nane usiku umeitoa wapi?"

"Kwenye ratiba yenu. Hata mabango ya mashuleni nimeandika hiyo hiyo."

Sinchana akakaa chini polepole.

"Prajwal, chumba chetu cha kuongozea chombo hakitumii saa ya Bengaluru. Kinatumia saa ya dunia, ile inayosomwa na vituo vyote vinavyotusaidia kukisikiliza chombo. Sisi tuko mbele yake kwa saa tano na nusu. Haya, ongeza."

Prajwal akahesabu kwa vidole. Tabasamu likayeyuka.

"Mungu wangu. Saa moja na nusu asubuhi."

"Injini yangu na mkufu wako, dakika ile ile."

Tusimcheke sana. Prajwal alitoka redioni, akaajiriwa kituoni kuwaeleza wananchi habari za safari ile, na kazi hiyo aliiweza kuliko wote. Akikuelezea mawingu ya Zuhura, unajikuta unafuta jasho. Watoto wa shule walimpenda, wazee walimpenda, na Sinchana alimpenda zaidi ya wote hao. Lakini saa ya dunia hakuna aliyemfundisha, na yeye hakuuliza.

"Si mngeisogeza injini kidogo?" alisema. "Nusu saa tu."

"Wewe! Chombo kinapita pale mara moja. Injini isipokipunguzia mwendo dakika hiyo, kinapitiliza, hakirudi. Miaka sita ya maisha yangu inapotelea gizani. Sogeza harusi."

"Haisogei. Wiki ijayo Zuhura anazama kwenye mwanga wa jua. Unamjua mama. Zuhura akizama, yeye haruhusu hata paka waoane."

"Basi mwambie ukweli. Mwambie ulikosea saa, atafute nyingine. Mwambie leo."

"Leo leo?"

"Leo leo."

"Sawa, mpenzi. Nakwenda."

Kesho yake jioni simu ya Sinchana iliita. Ni Sharadamma, mama yake Prajwal, mwanamke ambaye mtaa wake mzima hunyamaza akikohoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimepiga nisikie kwa masikio yangu. Prajwal ananiambia umeikataa saa ya mnajimu. Eti umesema mambo ya nyota ni ya kizee, kazi yako kwanza."



"Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Mimi nilikupenda tangu siku uliyokula kwangu ukaomba kuongezewa mchuzi. Lakini kadi zimeshagawiwa, ukoo mzima unazo. Kama unaidharau saa yangu hata mlangoni hujaingia, ukiingia utabakisha nini?"

"Mama, ngoja nikueleze, sivyo ilivyo..."

"Ijumaa, saa moja na nusu. Ukija, wewe ni binti yangu. Usipokuja, usije tena."

Simu ikakatwa. Sinchana angeweza kupiga tena na kumwaga kila kitu. Hakupiga. Aliona aibu kumshtaki mtu kwa mama yake mzazi, na hasira nayo ilimkaba. Akaandika ujumbe.

*Umemwambia nini mama yako?*

*Nilibabaika. Alianza kulia, nikasema wewe ndiye huitaki ile saa. Nitaweka sawa, nipe muda.*

*Chumbani kwetu kazini mtu akikosea anasema palepale, na hafukuzwi. Anayefukuzwa ni anayeficha. Hata mashine yangu ikiharibika huniletea habari kwamba imeharibika. Wewe umeharibika, ukamwambia mama mbovu ni mimi.*

*Sinchu, nakupenda. Usinifanyie hivi.*

*Ijumaa saa moja na nusu nitakuwa kwenye kiti changu. Harusi ni ya kwako na mama. Tafuteni bibi harusi.*

Prajwal alipiga simu mpaka betri ikaisha. Haikupokelewa hata moja.

Jumatano kukawa na kipindi cha televisheni, Prajwal akiwa mbele ya kamera, shule za jimbo zima zinatazama. Alikuwa amevimba macho, lakini alipoanza kueleza jinsi chombo kitakavyojitupa kwenye mvuto wa Zuhura, hata mpiga picha alisahau kuhema. Kisha mwalimu mmoja wa kike akapiga simu kutoka Mysuru.

"Kaka Prajwal, bango lako linasema saa nane usiku. Nimeshawaambia wazazi waniletee watoto shuleni na mablanketi. Sasa nasikia ni asubuhi. Tushike lipi?"

Bosi wake alikuwa amempa jibu mapema: sema wachapishaji wamekosea. Prajwal akatazama kamera.

"Mwalimu, ni asubuhi, saa moja na nusu. Wachapishaji hawana kosa, kosa ni langu. Nilisoma saa ya dunia nikadhani ni yetu. Naomba radhi kwako na kwa wazazi."

"Haya, tumekusamehe. Asante kwa..."

"Sijamaliza, mwalimu. Kwa kosa hilo hilo nilipanga harusi yangu dakika ambayo mchumba wangu anawasha injini. Badala ya kumwambia mama yangu kwamba nimekosea, nilimwambia mchumba ameidharau saa yake. Mama, najua unanitazama. Nilikudanganya. Sinchana hakudharau kitu. Alinituma nikwambie ukweli, nikaogopa."

Nyuma ya kamera bosi alikuwa anapunga mikono kama anafukuza kuku. Prajwal hakumtazama.

"Na wewe Sinchana, kaa kwenye kiti chako Ijumaa. Mimi nikikosa mke, nimejitakia. Wewe usikose Zuhura."

Nyumbani, Sharadamma alikuwa jikoni na majirani wanakaanga chakli za harusi, televisheni iko wazi. Alizima jiko. Majirani wakatazama sakafu. Akachukua simu, akampigia mnajimu.

"Mzee, hiyo Ijumaa, hakuna saa nyingine kabisa?"

"Ipo ya adhuhuri, jua likiwa utosini. Hiyo ipo kila siku, ni ya watu wote. Ndoa inafungwa vizuri tu."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Sharadamma, uliniuliza? Wewe ulitaka iliyo bora kuliko zote."

Mama wa watu akapiga simu ya pili. Sinchana aliipokea.

"Sinchana, ni mimi. Injini yako inazima saa ngapi?"

"Kama saa mbili hivi, mama. Halafu tunasubiri ishara."

"Kwa hiyo saa sita mchana upo huru."

"Mama..."

"Nisikilize. Mwanangu ni mwoga, na woga huo nimemlea nao mimi. Akivunja kikombe nilikuwa namchapa, akajifunza kuficha vigae. Na wewe nilikuhukumu bila kukusikiliza, nisamehe. Kumsamehe yeye ni juu yako. Ukimkataa, kwangu utaendelea kula. Ukimtaka, saa sita ipo."

"Mama, kwa kweli sijui."

"Nani amekwambia ujue leo? Kawashe injini yako kwanza."

Basi Ijumaa ilipofika, wageni wakajaa ukumbini kama kadi zilivyosema, na wakakuta bibi harusi hayupo. Badala yake kuna skrini kubwa inayoonyesha chumba cha kuongozea chombo, na bwana harusi na kilemba chake kichwani ameshika kipaza sauti. Mashangazi walianza kusengenya.

"Bibi harusi kakimbia nini?"

"Yupo kazini, shangazi. Yule pale, wa pili kutoka kushoto."

"Anafanya nini?"

"Anafunga breki kwenye gari lililo upande wa pili wa jua."

Watu waliacha vitumbua vya idli mikononi. Prajwal alieleza kila kitu: injini imewaka, mwendo unapungua, sasa chombo kinaingia nyuma ya Zuhura na hatutakisikia.

"Kwa hiyo saa hizi hakuna anayejua?" mjomba mmoja akauliza.

"Hakuna, mjomba. Hata yeye."

Kwenye skrini Sinchana alikuwa ameweka viganja juu ya meza, hapepesi macho. Sharadamma alishika mkono wa mama yake Sinchana, na hao wawili walikuwa hawajasalimiana wiki nzima. Muda ulikwenda. Mzee mmoja akaanza kusali kwa sauti. Ishara ilipitiliza wakati wake, ikazidi kupitiliza, na Prajwal, mtu wa maneno, akaishiwa maneno.

Ghafla Sinchana akaruka kutoka kwenye kiti.

"Kimerudi!" Prajwal akapiga kelele mpaka spika zikalia. "Kimerudi! Tupo Zuhura!"

Jamani, ukumbi ulilipuka! Wapiga ngoma walipiga bila kuambiwa. Mashangazi walewale wa kusengenya wakakumbatiana, mchuzi ukamwagika kwenye hariri na hakuna aliyejali. Prajwal alilia waziwazi. Kisha akakaa kwenye ngazi za jukwaa, akaangalia mlango.

Saa nne ikapita. Saa tano nayo ikapita. Kuhani akatundika pazia la kuwatenganisha maharusi, na bado upande mmoja hauna mtu.

Honi zikalia nje. Gari la kituo likasimama, wakashuka wahandisi wanaimba, na katikati yao Sinchana, kavaa sari nyekundu, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye pazia.

"Umekuja," Prajwal alisema kutoka upande wa pili.

"Nina swali kwanza. Ukikosea tena?"

"Nitasema."

"Lini?"

"Palepale."

"Kwa nani kwanza?"

"Kwako. Mama baadaye."

"Nimesikia!" Sharadamma akadakia, watu wakaangua kicheko.

"Jamani, saa inakwenda," kuhani akasema.

Sinchana akamgeukia kuhani.

"Shusha pazia."

Pazia likashuka. Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kantini. Sinchana akawahi kumbandika bizari na sukari guru kichwani, kwa mila yao anayetangulia ndiye mkubwa wa nyumba, akabandika kwa nguvu, na marafiki zake wakashangilia kwamba nyumba imeshapata bosi. Kuhani akanyoosha mkono kwa bwana harusi.

"Lete mkufu."

Prajwal akapapasa kiunoni. Akapapasa kifuani. Mama yake alikuwa amesimama hatua chache tu, na kila mtu aliona jinsi Prajwal alivyomtupia jicho, kisha akageuka kwa Sinchana.

"Nimekosea. Mkufu nimeusahau kwenye gari la matangazo. Ni mimi, si mtu mwingine."

Ngoma zilisimama. Sinchana akamtazama, midomo ikaanza kumcheza, na kicheko kikamtoka kikubwa mpaka akashika ubavu.

"Kimbia basi, mume wangu," alisema. "Nakusubiri."

Prajwal akashika kilemba chake, akaruka kutoka jukwaani pekupeku, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi mpaka mlangoni.