Kwake Makofi, Kwangu Masimango

Jumamosi asubuhi duka la dawa lilifurika. Watoto wanakohoa, mama mmoja anabishana juu ya cheti chake, na katikati ya foleni amesimama mpima macho, miwani ya jua usoni, gauni la kijani limepigwa pasi upande mmoja, kichwa kinamgonga utadhani kuna watu wanavunja ukuta humo ndani. Jana yake walikuwa wanamuaga mwenzao wa kazini, wakamuaga kwelikweli.

Kijana aliyemtangulia, mwenye ovaroli ya bluu na mabega mapana, aliomba dawa ya kichwa.

Muuza dawa akacheka. "Jana mlizipiga, kaka! Kunywa maji mengi, jembe."

Mpima macho naye akaomba ileile. Kicheko kikakatika. "Dada, na wewe? Msichana mzuri hivi, utaolewa na nani?"

Alitamani ardhi immeze. Yule wa ovaroli akageuka. "Samahani, mkuu. Macho yangu haya yanaonyesha nimekunywa mara mbili ya huyu dada. Mbona mimi hukuniuliza nitamuoa nani?"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Ahsante, wakili," alimwambia walipotoka nje.

"Mimi fundi wa lifti. Siku ukikwama ghorofa ya saba, nipigie."

"Mimi hupanda ngazi."

"Basi nipigie hata ukiwa chini."

Akampigia. Ikawa kila saa ya chakula cha mchana simu inaita, na wateja wanajisomea herufi za ukutani wakimsubiri.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Juu ya lifti, ghorofa ya kumi na mbili. Nakuwaza."

"Niwaze ukishashuka, tafadhali!"

Miezi minne ikapita hivyo, tamu. Kisha mafundi wakaandaa sherehe ya mchana kumpongeza mwenzao aliyepata mtoto. Fundi alikunywa mpaka akatapika kwenye maua ya mwenye nyumba. Wenzake wakampigia makofi na kumbeba juujuu. Mpima macho naye alizidisha, akacheza, kisigino cha kiatu kikateleza, akaanguka chali. Hakuna aliyepiga makofi. Wake za mafundi walitazamana.

Kesho yake Fundi akapiga simu, sauti imepoa. "Mpenzi, siku nyingine ungepunguza kidogo. Watu wanaongea."

"Wanasemaje kuhusu aliyetapika kwenye maua?"

"Lakini mimi ni mwanaume, bwana."

Moyo ukamuuma mpima macho. "Mimi nikinywa, glasi haitoki mkononi, mtu asije akanitilia kitu. Nikienda msalani, mwenzangu ananishikia. Nikirudi nyumbani natafuna peremende mama asisikie harufu. Wewe umewahi kufanya hata kimoja? Nilidhani unalijua hilo."

Akakata simu. Fundi alipiga mara tisa siku hiyo; hakupokea hata moja.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, mteja aliingia na plasta juu ya jicho, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mpima macho akaacha kalamu.

"Nani kakupiga?"

"Ngazi. Niliamka na pombe ya jana, nikapanda hivyohivyo, nikateleza. Msimamizi kaniondoa kwenye kazi za juu." Fundi akakalia kiti cha wagonjwa. "Nilikosea, mama. Wewe ukinywa wanakusema. Mimi nikinywa wananishangilia, nikikataa wananiita bi harusi. Tangu nina miaka kumi na saba hakuna aliyewahi kuniambia basi. Yale makofi yataniua."

Kwa mara ya kwanza alimuona akiogopa. Mpima macho akamshika kidevu, akaligeuzia jeraha kwenye taa.

"Hata mimi nazidisha," akasema polepole. "Nataka kupunguza. Ila kwa sababu yangu, si kwa sababu ya midomo ya watu."

"Tupunguze wote?"

"Wote. Na ukinichunga, nakutoboa jicho la pili."

Jumapili iliyofuata walikwenda kwa mafundi pamoja. Fundi aliposukumiwa glasi, akairudisha.

"Kakukalia!" wakapiga kelele. "Shemeji, mwachie mwanaume wetu!"

"Hajanikalia," akasema Fundi, jasho likimtoka. "Nimechoka kubebwa."

Wengine wakacheka, mmoja akanuna. Yule mwenye mtoto mchanga akasogeza soda mbele ya Fundi.

Saa kumi walikuwa njiani kurudi, jua bado kali, wameshikana mikono. Fundi akasimama ghafla katikati ya watu.

"Mpenzi, nataka kukuuliza jambo, na nataka nikuulize nikiwa na akili zangu zote."

Mpima macho alivua miwani ya jua ili amtazame vizuri. Machozi yalishamlenga.

"Uliza," akasema. "Zangu pia zimetimia."