Mkia wa Ndege Uliogusa Ardhi

Mwanvua alikuwa akichoma vitumbua kila asubuhi nyumbani kwake Kirumba, mjini Mwanza. Mumewe, Mbaruku, aliamka kwa harufu ya vitumbua hivyo.

"Mama Sihaba," aliita kutoka chumbani, "bila vitumbua hivi ningelala mpaka mchana."

"Ukilala mpaka mchana, ndege itapakiwa na nani? Amka, chai inapoa."

Mbaruku alikuwa msimamizi wa wapakiaji kwenye kiwanja cha ndege. Yeye na wenzake walipakia ndege ya mizigo iliyokwenda Nairobi. Ilibeba ngozi za ng'ombe, samaki wakavu na vyuma vya mashine. Abeid, mdogo wake Mwanvua, alisafiri na ndege hiyo ili kuangalia mizigo. Mama yao alipofariki, Mwanvua ndiye aliyemlea. Alimpenda kama mwanawe, na kumgombeza alimgombeza hivyo hivyo.

Asubuhi moja ya masika, mwaka 1961, mvua kubwa ilinyesha. Mwanvua alikuwa amesimama chini ya paa la jengo la kiwanja na beseni lake la vitumbua vya kuuza. Aliwaona wapakiaji wakikimbia na ngozi mabegani. Ngozi zilikuwa zimelowa chapachapa.

"Ziwekeni hapo hapo mlangoni!" Mbaruku alipaza sauti. "Tumalize, jamani, mvua inatuua!"

Mlango wa ndege hiyo ulikuwa nyuma, karibu na mkia. Ngozi zikarundikwa hapo. Hakuna aliyekumbuka kuzifunga mikanda.

Abeid aliingia ndani, akampungia dada yake mkono. Mlango ukafungwa.

Ndege ilianza kukimbia. Haijapata mwendo wa kutosha, pua yake ikainuka juu ghafla, kama imevutwa. Mkia ukashuka, ukagonga njia ya kurukia. Ukakwaruza chini kwa kelele kubwa, na cheche zikaruka. Rubani alijitahidi kuirudisha pua chini. Alifaulu, lakini ndege ilipita mwisho wa njia. Ikaingia kwenye matope, ikasimama.

Mwanvua aliliacha beseni lianguke. Alikimbia kwenye mvua akiita, "Abeid! Abeid!"

Rubani alishuka akiwa mzima. Abeid alishuka nyuma yake, ameushika mkono wake wa kushoto.

"Nipo, dada. Ni mkono tu."

Mwanvua alimpiga kofi kwenye bega lake zima, kisha akamkumbatia na kulia.

Jioni hiyo Mbaruku hakula. Jirani yao Kashindye alikuja kuwapa pole.

"Kiwanja kile kimelogwa," alisema Kashindye. "Wakubwa wachinje mbuzi, mambo yatulie."

Mbaruku alitikisa kichwa. "Mimi ndiye niliyesema zirundikwe mlangoni. Nimekaribia kumuua shemeji yangu."

"Bado hatujajua, baba Sihaba," alisema Mwanvua, akimsogezea sahani. "Tumuulize mzee Luhaga."

Luhaga alikuwa fundi wa ndege, na nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka kwao. Alipofika, alimkuta Kashindye bado anazungumzia uchawi. Abeid alimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mkono vipi? Mbaruku, ndugu yangu, niletee baiskeli yako. Mna gunia la mpunga?"

Gunia lilikuwepo, limetoka Magu. Luhaga aliliweka nyuma ya baiskeli, akalisogeza mpaka likaning'inia nje ya kiti cha mizigo. Mara gurudumu la mbele likainuka juu. Kashindye alicheka.

"Hili gurudumu la mbele limelogwa?" Luhaga aliuliza.

"Hapana," alisema Kashindye. "Mzigo umekaa nyuma mno."

"Basi ndege ni hivyo hivyo. Mzigo ukizidi nyuma, pua inainuka kabla rubani hajataka. Mkia unagonga chini."

Kisha Luhaga aliliweka gunia katikati ya baiskeli. Gurudumu la mbele likatulia.

Mwanvua alifikiri kidogo. "Je, ukiliweka vizuri, lakini usipolifunga?"

"Swali zuri, shemeji." Luhaga alililaza gunia juu ya kiti cha mizigo bila kamba. Akaisukuma baiskeli kupanda kilima kidogo cha uani. Gunia liliteleza nyuma, na gurudumu la mbele likaruka juu. Mbaruku alilidaka gunia lisianguke.

"Umeona? Ndege inapoinuka, sakafu yake ni kilima. Mzigo usiofungwa unateleza mpaka mkiani. Hapo rubani anaweza kushindwa kabisa kuirudisha pua chini. Ndege inainuka mno, inapoteza nguvu, inaanguka. Leo Mungu amesaidia."

"Na ngozi zilikuwa zimelowa," Mbaruku alisema polepole. "Tulizipima jana zikiwa kavu."

"Maji nayo ni mzigo," alisema Luhaga. "Ndege iliyozidiwa uzito inahitaji njia ndefu zaidi ili iruke."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Ngoja. Rubani naye anaweza kuinua pua mapema mno, au kwa haraka mno. Upepo unaweza kubadilika. Chombo kinaweza kuharibika. Wachunguzi watakuja, wataangalia yote hayo. Wewe waeleze ulichofanya na ulichoona, usifiche kitu. Hawawezi kuzuia ajali ya kesho kama hawajui ya leo."

Mwanvua aliweka mkono begani kwa mumewe. "Utawaeleza, na mimi nitakuwa nje nakusubiri."

Wachunguzi walikuja. Mbaruku aliwaeleza yote. Walipima ngozi, wakaangalia mikanda, wakazungumza na rubani. Waliona kwamba sababu kubwa ilikuwa ngozi zilizolowa, zilizorundikwa mkiani bila kufungwa. Mafundi nao waliukagua mkia. Kwa nje ulionekana umechubuka tu. Walipoufungua, wakakuta ufa ndani.

"Ingeruka hivi," Luhaga aliwaambia wapakiaji, "ufa ungeongezeka siku hadi siku, na mwisho mkia ungekatika angani. Mkia ukigonga chini, hata kidogo, semeni. Ndege isiruke mpaka ikaguliwe."

Mkia ulipotengenezwa na ndege kurudi angani, kazi ilibadilika. Mzigo uliolowa ulipimwa upya. Mizigo mizito ilikaa mahali alipoonyesha fundi. Kila kitu kilifungwa, na Abeid alivuta kila mkanda kabla mlango haujafungwa.

Ikafika Desemba, wiki ya Uhuru. Mji ulijaa bendera na ngoma, na kila mtu alikuwa na haraka. Ndege ilikuwa imeshapakiwa. Mfanyabiashara mmoja, Chenge, akaja na kasha la vyuma vya mashine ya pamba.

"Kasha lenyewe dogo," alisema. "Lisukume hapo mlangoni, niende zangu."

"Dogo kwa macho, mzee Chenge," alisema Mbaruku. "Hebu linyanyue."

Chenge alijaribu. Kasha halikutikisika.

"Sasa ndiyo mnicheleweshe wiki ya Uhuru?"

"Nataka mzigo wako ufike, mzee. Na shemeji yangu afike."

Walilipima kasha. Wakashusha magunia kadhaa ya samaki yasubiri safari nyingine, maana uzito ungezidi. Wakaliingiza kasha mpaka katikati, wakalifunga kwa mikanda. Chenge alinung'unika muda wote. Rubani aliikagua mikanda mwenyewe, akampa Mbaruku mkono.

Mwanvua alikuwa kwenye uzio. Ndege ilipoanza kukimbia, aliushika uzio kwa mikono miwili. Aliukodolea macho mkia tu. Pua iliinuka taratibu. Magurudumu yakaachana na ardhi, na mkia ukapita juu, mbali na chini. Ndege ikageuka juu ya ziwa, ikaenda zake.

"Imeruka!" alipiga kelele, na wanawake waliokuwa karibu naye wakapiga vigelegele bila kujua sababu.

Mbaruku alikuja akitiririka jasho. Mwanvua alishika ncha ya kanga yake, akaanza kumfuta uso.

"Mama Sihaba, watu wanatuangalia," alinong'ona Mbaruku.

"Waache waangalie," alisema Mwanvua. "Inamisha kichwa, bado shingo."

Mbaruku akainamisha kichwa.